Bima ya Gari Lisilotembea: Rehani, Ulinzi na Haki ya Mdai

Katika mikopo ya magari ya Marekani na Kanada, na kwa kiasi kikubwa katika mikataba ya benki za Afrika Mashariki pia, mtu anayenunua gari kwa mkopo hulazimika kulikatia bima inayolilinda gari lenyewe, si kwa miezi anayoliendesha tu bali kwa muda wote ambao deni halijaisha. Sharti hilo huonekana jepesi mpaka lifike mahali ambapo gari halitembei. Katika majimbo ya baridi kali kama Minnesota, Michigan na Maine wapo watu wengi wanaofungia gari au pikipiki bandani kuanzia Novemba hadi Aprili, ama kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu hula chuma, ama kwa sababu wenyewe huikimbia baridi, na miongoni mwao wamo wahamiaji wazungumzao Kiswahili ambao hurudi nyumbani kwa miezi kadhaa na kuliacha gari limefungiwa. Katika muda huo mdaiwa huendelea kulipia ajali za barabarani kwa ajili ya chombo kisichoiona barabara. Swali linalozuka hapo si la hesabu peke yake. Ni swali la haki, na kwa Mwislamu ni swali la fikihi, yaani elimu ya hukumu za dini katika matendo ya watu: ni nani anayepaswa kugharimia ulinzi wa mali iliyo chini ya deni, ulinzi huo ni dhidi ya hatari ipi, na je, mdaiwa anakosea akiacha kulipa kimya kimya pale ambapo hatari yenyewe haipo?

Wenye magari wa Tanzania wamezoea kuigawa bima mara mbili: bima ndogo, ambayo huwalipa watu wengine walioumizwa au kuharibiwa mali na gari, na bima kubwa, ambayo hulipa pia uharibifu wa gari lenyewe. Marekani hiyo bima kubwa hukatwa tena vipande viwili vinavyouzwa kila kimoja kwa bei yake. Kipande cha kwanza, kitakachoitwa hapa bima ya mgongano, hulipa gari linapogonga kitu au kupinduka. Cha pili, kitakachoitwa bima ya majanga, hulipa moto, wizi, mafuriko, mvua ya mawe, mti ulioanguka, na kwa kawaida hata panya waliotafuna nyaya. Mkopeshaji huvidai vyote viwili, huandikwa katika hati ya bima kuwa wa kwanza kulipwa fidia ikitoka, na huweka kikomo cha sehemu ya hasara ambayo mdaiwa huibeba mwenyewe kabla ya kampuni kulipa, mara nyingi dola 500 au 1,000. Gari likilazwa kwa msimu, kampuni nyingi za bima huwa tayari kuiondoa bima ya mgongano na kubakiza ile ya majanga peke yake kwa malipo madogo. Anayekataa mara nyingi ni mkopeshaji, kwa kuwa mkataba wake, ulioandikwa kwa miezi 60 au 72, hautambui misimu.

Amri mbili huchanganywa sana katika mazungumzo ya watu juu ya jambo hili, na ni lazima zitenganishwe kwa sababu uzito wake wa kimaadili haulingani. Ya kwanza ni amri ya serikali. Sheria ya Kenya ya bima ya magari, Sura ya 405, na ile ya Tanzania, Sura ya 169, huilazimisha bima kwa anayelitumia gari barabarani, na shabaha yake ni kumkinga mpita njia au abiria asije akaumizwa na mtu asiye na uwezo wa kumlipa. Kwa msingi huo gari lililofungiwa bandani liko nje ya amri. Nchi nyingine zimeusogeza mpaka huo. Uingereza, tangu 2011, humtaka mwenye gari awe na bima muda wote ambao gari limesajiliwa, isipokuwa ametoa tamko rasmi kwamba ameliondoa barabarani, na jimbo la New York humtaka arudishe vibao vya namba kabla ya kuifuta bima. Amri ya pili ni ya mkataba, na mkopeshaji anayeiweka hana habari na mpita njia, anajilinda mwenyewe. Anayeivunja amri ya kwanza anahatarisha haki ya mtu ambaye hakukubaliana naye lolote, ilhali anayeivunja ya pili anavunja ahadi aliyoitia saini mbele ya mtu ambaye naye alikuwa na nafasi ya kuandika masharti, na ambaye, kusema kweli, ndiye aliyeyaandika yote.

Msemo wa mitaani kwamba gari la mkopo ni la benki hauko sahihi kila mahali. Warumi walijua namna mbili, miongoni mwa nyingine, za kuiweka mali chini ya deni: katika ile ya kale, iliyoitwa fiducia, umiliki wenyewe ulihamia kwa mdai mpaka deni lilipwe, na katika ile iliyoitwa hypotheca mali ilibaki mikononi mwa mdaiwa, mdai akawa na haki juu yake tu. Mikopo ya magari ya Marekani iko karibu na hii ya pili, kwani jina la mdaiwa ndilo la mwenye gari katika hati ya umiliki, na jina la mkopeshaji huandikwa hapo kama la mtu mwenye haki ya kulikamata gari malipo yakikatika. Kenya, benki na mnunuzi husajiliwa pamoja. Katika mauzo ya awamu ambayo mnunuzi huhesabiwa kuwa amekodi mpaka amalize kulipa, muuzaji ndiye mwenye mali hadi awamu ya mwisho. Tofauti hizo si za makaratasi tu, kwa sababu kanuni ya kale inayotambuliwa na Warumi na mafakihi kwa pamoja ni kwamba mali ikiangamia bila kosa la mtu, hasara ni ya mwenyewe. Ndiyo maana AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayoweka viwango vya benki za Kiislamu, humbebesha mkodishaji gharama ya bima katika ijara, yaani mkataba wa kukodisha, kwa hoja kwamba yeye ndiye mwenye mali, ingawa humruhusu kuizingatia gharama hiyo anapopanga kodi.

Mkopo ambao mdaiwa ndiye mwenye gari hauko katika mlango wa ijara bali katika mlango wa rehani, yaani mali inayofungwa kwa deni ili mdai apate haki yake humo mdaiwa akishindwa kulipa. Kurani huitaja rehani katika aya ya 283 ya Sura ya Al-Baqara, mara baada ya aya ndefu inayoamrisha deni liandikwe, na mapokezi sahihi yanaeleza kwamba Mtume Muhammad aliweka deraya yake rehani kwa Myahudi wa Madina kwa ajili ya shayiri. Hapa inafaa kusemwa wazi kwamba mkopo wa kawaida wa benki wenye riba huwa na kasoro nyingine mbele ya wanazuoni walio wengi, na kasoro hiyo haiondolewi na mjadala wa bima. Hata hivyo swali la bima halizaliwi na riba. Mtu anayeuziwa gari kwa murabaha, yaani mauzo ambayo muuzaji hutaja gharama yake na faida anayoongeza kisha hulipwa kwa awamu, bado anaweza kutakiwa aliweke gari hilo hilo rehani na alilinde, na Novemba ikifika atakuwa na mashaka yale yale.

Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu walio wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, huihesabu rehani iliyo mkononi mwa mdai kuwa amana: ikiangamia bila uzembe wake, mdai hadaiwi chochote na deni lake husimama kama lilivyokuwa. Wahanafi wana maoni mengine yenye matokeo makubwa, kwani kwao mdai aliyeishika rehani huidhamini kwa kiwango kilicho kidogo kati ya thamani yake na deni, hivyo ikiangamia mikononi mwake deni nalo hupungua au hufutika. Wamaliki hutofautisha vitu vinavyoweza kufichwa, kama vito, na visivyofichika, kama mnyama au shamba. Gari la mkopo, hata hivyo, halimo mkononi mwa mdai. Limo bandani kwa mdaiwa, ambaye Washafi wanamruhusu kuendelea kunufaika na rehani kwa namna isiyoipunguzia thamani, kama kumpanda mnyama au kukaa katika nyumba, huku usajili wa haki ya mkopeshaji ukichukuliwa na wanazuoni wengi wa leo kuwa unasimama mahali pa kukabidhi. Kwa kuwa kwa Wahanafi dhamana ya mdai hufuata kushika, hata wao wasingembebesha mkopeshaji hasara ya gari ambalo hakulishika.

Hitimisho hilo huleta jambo ambalo wajadili wengi hulipita. Ikiwa gari likiungua deni linabaki vile vile, mkopeshaji anaogopa nini hata aidai bima? Haogopi kulipoteza gari, kwa kuwa si lake. Anaogopa kwamba mdaiwa asiye na gari atakuwa pia mdaiwa asiye na fedha au asiye na nia, na kwamba haki iliyobaki kwenye karatasi haitaleta kitu. Bima ya rehani kwa hiyo ni kinga dhidi ya ufukara wa mtu kabla ya kuwa kinga dhidi ya moto, na hilo ndilo linaloeleza kwa nini mkopeshaji hulipwa kwanza. Kuna hata bima ya ziada, inayouzwa pamoja na magari mapya, ambayo kazi yake ni kuziba pengo kati ya thamani ya gari lililoharibika na deni lililobaki. Hiyo inakaribia sana udhamini wa deni lenyewe, na mafakihi walio wengi hawaruhusu kuchukua ujira kwa udhamini mtupu. Bima ya majanga haimo katika tatizo hilo moja kwa moja, kwani hulipa thamani ya kitu kilichoharibika, si kiasi cha deni.

Iliyo karibu zaidi na bima ya majanga katika vitabu vya kale ni gharama ya ulinzi. Rehani ikihitaji banda na mlinzi, nani amlipe? Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake Minhaj al-Talibin ni nguzo ya masomo ya Kishafi, anaweka gharama za rehani kwa mwenye mali, kwa kuwa ni yake na ongezeko lake ni lake. Wahanafi, kama anavyoeleza al-Marghinani katika al-Hidaya, wanagawa: chakula cha mnyama na kila kinachoiweka mali hai ni juu ya mwenyewe, bali kodi ya mahali inapohifadhiwa na ujira wa mlinzi ni juu ya mdai, kwa sababu kuishikilia mali ile ni haki yake na uhifadhi ni sehemu ya kuishikilia. Msomaji wa Kishafi anaweza kuona kwamba Wahanafi wameukaza ubishi mahali padogo, lakini mgawanyo wao una busara ambayo mikataba ya leo imeipoteza: haukuuliza tu mali ni ya nani, uliuliza pia kila gharama hutolewa kwa faida ya nani.

Ulinganisho wa bima na mlinzi si mgeni. Mustafa al-Zarqa, mwanazuoni wa Syria aliyezaliwa 1904 na kufariki 1999, aliutumia kuitetea bima katika mjadala mkubwa wa Damascus wa mwaka 1961, akisema kwamba anayemwajiri mlinzi hununua usalama na utulivu hata kama mwizi hakuja, na kwamba bima huuza kitu hicho hicho. Wapinzani wake walijibu kwamba mlinzi hufanya kazi inayoonekana, hukesha na kuzunguka, ilhali kampuni ya bima haifanyi lolote mpaka hasara itokee. Kabla yao Ibn Abidin, Mhanafi wa Damascus wa karne ya 19, alikwisha kuikataa bima ya mizigo ya baharini, na mwaka 1985 Baraza la Fikihi la jumuiya ya nchi za Kiislamu, mjini Jeddah, lilitoa azimio kwamba bima ya kibiashara ina gharari kubwa inayouharibu mkataba, gharari ikiwa ni utata wa kutojua kinachonunuliwa na kama kitapatikana, na kwamba mbadala wake ni bima ya ushirika inayojengwa juu ya kuchangiana. Mbadala huo, takafuli, ulikwisha kuanza Sudan mwaka 1979, na Kenya ulipata kampuni yake mwaka 2011. Mwislamu wa Minneapolis asiye na takafuli ya gari karibu naye husimama juu ya ruhusa ya haja, na ruhusa ya haja, kwa kanuni inayojulikana, hupimwa kwa kiasi cha haja yenyewe. Kipimo hicho kina kazi katika suala la gari lililolazwa, kwa kuwa kinamlazimisha mtu kuuliza ni bima ipi hasa anayoihitaji, badala ya kuimeza yote au kuitema yote.

Dhana kwamba gari lisilotembea haliko hatarini ni ya uongo, na mdaiwa anayejijengea hoja juu yake hajatazama vizuri. Tarehe 12 Februari 2014, kabla ya alfajiri, ardhi ilititia chini ya jumba la makumbusho ya magari ya Corvette huko Bowling Green, Kentucky, na magari manane yaliyokuwa yamesimama kwa maonyesho, katika jengo lenye walinzi na ving'ora, yakamezwa na shimo. Oktoba 2012, Kimbunga Sandy kiliposukuma maji ya bahari hadi bandari ya Newark, magari 16 ya Fisker Karma yaliyokuwa yameegeshwa hapo yalilowa maji ya chumvi kisha yakashika moto, bila dereva hata mmoja kuwamo. Hayo ni matukio ya nadra yaliyopata kuandikwa. Yasiyoandikwa ni mapaa ya mabanda yanayoelemewa na theluji, wezi wanaojua kwamba mwenyewe hayupo mpaka masika, na panya wanaotafuta joto ndani ya injini. Kwa hiyo dai la mkopeshaji la kutaka bima ya majanga iendelee ni dai la haki, na mdaiwa hana hoja nzuri ya kulipinga, kwa kuwa hatari hizo humfuata mwenye mali na yeye ndiye mwenye mali.

Hadithi ya Bedui aliyeambiwa amfunge ngamia wake kwanza kisha amtegemee Mungu hutajwa mno katika mijadala ya bima, na kwa upande wa majanga inatosha: kutawakali hakumwondolei mtu wajibu wa kuchukua hadhari. Lakini hadithi hiyo haifiki kwenye kiini cha suala hili, kwa sababu kwa ngamia wa Bedui hakukuwa na mdai aliyeamuru afungwe kwa kamba mbili, moja ikiwa ya kumzuia asitoroke jangwani na nyingine ya kumzuia asizame baharini. Bima ya mgongano kwa gari lililo juu ya magogo, betri imetolewa, ni hiyo kamba ya pili. Ikiwa ulinzi ni huduma, basi mlinzi anayelipwa kuzuia adui asiyeweza kufika amelipwa bila kufanya kazi, na Zarqa mwenyewe, kwa hoja yake ya utulivu, angepata taabu kueleza ni utulivu gani unaonunuliwa pale ambapo hapakuwa na hofu.

Mkopeshaji ana jibu, na ni jibu zito kuliko wadaiwa wanavyodhani. Haambiwi kwamba gari haliwezi kugonga. Anaambiwa kwamba halitaendeshwa. La kwanza lingekuwa habari juu ya kitu, bali la pili ni ahadi juu ya mtu, na ahadi hiyo hutolewa na mwenye ufunguo. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi C-80/17 iliyoamuliwa tarehe 4 Septemba 2018, ililitazama jambo hilo kupitia mkasa wa Ureno: mwenye gari aliacha kuendesha kwa sababu za kiafya, akaliegesha katika uwanja wa nyumba yake bila kulifutia usajili wala kulikatia bima, na mwaka 2006 mwanawe akalichukua bila idhini, likaacha njia, na watu watatu wakafa, kijana huyo akiwa mmoja wao. Mahakama iliamua kwamba gari lililosajiliwa na linaloweza kuendeshwa lilipaswa kuwa na bima ya watu wengine, hata kama mwenyewe ameamua kutolitumia. Mwenye gari yule hakuvunja ahadi yoyote, hakudanganya, wala hakugusa usukani. Kusimama kwa gari lake kulitegemea nia yake peke yake, na nia ya mtu mmoja haifungi mlango kwa watu wote wa nyumbani. Baadaye, mwaka 2021, Umoja wa Ulaya uliziachia nchi wanachama nafasi ya kuyasamehe magari yaliyoondolewa katika matumizi kwa utaratibu rasmi, jambo ambalo ni sahihi, kwa kuwa utaratibu rasmi hugeuza nia kuwa tendo linaloonekana.

Kinacholipiwa majira ya baridi, kwa hiyo, si mgongano. Ni kutoaminika kwa ahadi. Mkopeshaji mwenye maelfu ya wadaiwa hawezi kutuma mtu kukagua kila banda, na kwa kuwa hawezi kumtofautisha anayeahidi kwa dhati na anayeahidi ili apunguziwe, humtoza kila mmoja bei ya asiyeaminika. Hapo ndipo haki ya mkopeshaji inapofikia kikomo chake, kwa sababu hoja ya kutoweza kujua hudumu tu pale ambapo kujua hakuwezekani. Mdaiwa aliyerudisha vibao vya namba kwa mamlaka ya jimbo, au aliyeliweka gari katika ghala la kulipia linalotoa stakabadhi na kushika ufunguo, ameleta ushahidi ambao mkopeshaji hana sababu ya kuukataa isipokuwa uvivu wa ofisi. Kuna mwanya mdogo hata hapo, kwani mfanyakazi wa ghala anaweza kulisogeza gari akaligonga ukutani. Lakini hatari hiyo ni ya mwenye ghala, naye aidhamini kwa bima yake.

Mashaka juu ya anayejikinga na kila hatari kisha akadai faida yake kamili hayakuanza na wadaiwa wa magari. Wanatheolojia wa Kikatoliki wa karne ya 16 walibishana juu ya mkataba wa sehemu tatu, ambao mwenye mtaji aliingia ubia, akaikatia bima fedha yake kwa mbia huyo huyo, kisha akamuuzia faida isiyo na hakika kwa faida ndogo iliyo na hakika, akabaki na mapato yasiyo na hatari yoyote. Johann Eck aliutetea huko Bologna mwaka 1515. Papa Sixtus wa Tano aliulaani mwaka 1586. Fikihi ina kanuni iliyo jirani, iliyoingizwa hata katika Majalla, sheria ya kiraia ya dola ya Uthmaniya iliyokamilika 1876, kwamba faida huenda pamoja na kubeba hasara. Kanuni hizo hazisemi kwamba mdai asijilinde. Zinasema kwamba kila anapojivua hatari na kumvika mdaiwa, dai lake la kupata zaidi ya alichotoa hupungua nguvu, na mkopeshaji anayetoza riba inayodaiwa kuwa ni malipo ya hatari, huku akimlazimisha mdaiwa ailipie bima hatari hiyo hiyo, anachukua malipo mawili kwa jambo moja.

Upande wa mdaiwa una tatizo lake, nalo ni ukimya. Tuseme wadaiwa wawili wanaifuta bima yote Novemba bila kumwambia mkopeshaji. Bandani kwa wa kwanza hakutokei kitu, Aprili anairudisha bima na hakuna aliyeumia. Kwa wa pili paa linaanguka, gari linaharibika kabisa, na deni analobaki nalo hawezi kulilipa. Wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel, katika mjadala wao wa mwaka 1976 juu ya bahati katika maadili, walionyesha jinsi watu wanavyomlaumu zaidi yule ambaye kosa lake limezaa madhara, ingawa yeye na mwenzake walifanya tendo moja. Kwa mizani ya mkataba hakuna tofauti kati ya wawili hawa. Aya ya kwanza ya Sura ya Al-Maida inaamrisha mikataba itimizwe, haikuweka sharti kwamba uvunjaji uhesabiwe pale tu unapoleta hasara, na yule wa kwanza aliiweka haki ya mkopeshaji rehani kwa uzito wa theluji bila kumuuliza. Kwamba sharti lenyewe lilizidi kiasi hakumpi ruhusa, kwa sababu anayeonewa na sharti ana haki ya kulidai libadilishwe, si ya kulibadilisha peke yake gizani. Isitoshe, ukimya huo haudumu: mkopeshaji, akiwa ameandikwa katika hati ya bima, hupewa taarifa bima inapofutwa.

Mkopeshaji akishapata taarifa hukata bima mwenyewe na kumtoza mdaiwa. Bima hiyo ya kulazimishwa kwa kawaida ni ghali kuliko ile iliyofutwa, humlinda mkopeshaji peke yake, na malipo yake huongezwa juu ya deni. Kama dawa ya mwisho dhidi ya mdaiwa mkaidi inaweza kutetewa. Kama biashara haiwezi, na historia ya karibuni inaonyesha jinsi ilivyo rahisi kuigeuza biashara: mwaka 2017 benki ya Wells Fargo ilikiri kwamba wateja wake wapatao 570,000 huenda walitozwa bima ya aina hiyo isivyostahili, wengi wao wakiwa tayari na bima zao wenyewe, na kwamba gharama hizo zilichangia baadhi yao kunyang'anywa magari. Aprili 2018 wasimamizi wa serikali waliipiga faini ya dola bilioni 1 kwa kosa hilo pamoja na jingine la mikopo ya nyumba. Mkopeshaji anayeuza bima kwa mtu asiyeweza kuikataa ana kishawishi ambacho maadili ya watumishi wake hayatoshi kukizuia, na sheria za majimbo zingefaa zimlazimishe, kabla ya kukata bima hiyo, akubali ushahidi wa maandishi kwamba gari limelazwa na lina bima ya majanga.

Masheikh na washauri wanaopigiwa simu kutoka Portland au Minneapolis kuhusu jambo hili wasitoe jibu moja kwamba bima ni haramu au kwamba ni lazima. Waulize kwanza ni kipande kipi cha bima, kama gari bado limesajiliwa, mkataba unasema nini, na kama mkopeshaji amejulishwa kwa maandishi, maana amri ya kuandika deni haiishi siku ya kulitia saini. Bima ya majanga mdaiwa ailipe bila kinyongo. Ile ya watu wengine aiache tu baada ya kufuata utaratibu wa jimbo lake. Bima ya mgongano aombe asamehewe, aambatanishe ushahidi, na mkopeshaji anayeukataa ushahidi ulio kamili anadhulumu. Mdaiwa aliyekataliwa bado ana njia tatu: aendelee kulipa mpaka Aprili, alimalize deni, au aliuze gari. Kuifuta bima na kunyamaza si haki yake.